Kifafa Kinapochukua Maneno ya Mtoto: Mwongozo kwa Mzazi wa Kampala

Kama mtoto wako ana kifafa na usemi wake umeanza kurudi nyuma, au haukuwahi kufunguka sawasawa, shika hili kwanza: huenda mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja. Hapa Kampala hutenganishwa mno. Kifafa hupelekwa kliniki kikapewa dawa. Usemi huachwa uje wenyewe, au hutafutiwa sababu nyingine: ukaidi, uziwi, kudekezwa, lugha nyingi mno nyumbani. Dawa ikizuia mtoto kuanguka, familia hushukuru, na ina haki ya kushukuru. Lakini hakuna anayeuliza kwa nini mtoto aliyekuwa akisimulia habari za shule mpaka usingizi unamchukua, leo ananyoosha kidole tu akitaka maji.

Mwongozo huu ni wa mzazi wa mtoto huyo, au bibi au shangazi anayemlea. Hauchukui nafasi ya daktari. Kazi yake ni kukuwezesha kuingia kliniki ukijua la kusema, la kuuliza, na kipimo cha kuomba.

Unachokiona nyumbani

Daktari atakaa na mtoto kwa dakika chache. Wewe unalala naye chumba kimoja, na aina za kifafa tunazozizungumzia hapa hupenda usiku.

Aina inayoonekana zaidi huitwa kifafa cha Rolando. Mtoto wa miaka mitano, saba au kumi anashtuka usingizini, mara nyingi muda mfupi baada ya kulala au karibu na alfajiri. Upande mmoja wa uso unacheza, mate yanamtoka, koo linatoa sauti ya kukoroma. Anakutazama, anakusikia, lakini hawezi kutoa neno. Baada ya dakika moja au mbili kumekwisha. Kwa wengine mwili mzima hufuata. Kifafa hiki huanza kati ya miaka 3 na 14, na kwa watoto walio wengi huondoka chenyewe kabla hawajamaliza ujana. Ndiyo maana wengi huambiwa wasijali. Ushauri huo ni wa kweli kwa sehemu kubwa, ila baadhi ya watoto hawa hupata shida ya kusoma, ya kupata neno wanalolitaka, au ya kufuata maagizo marefu ya mwalimu. Usingoje mtihani wa darasa la saba ndipo ugundue.

Aina ya pili ni nadra na ni nzito zaidi. William Landau na Frank Kleffner waliielezea mwaka 1957 mjini St. Louis, Marekani, na hadi leo inaitwa sindromu ya Landau-Kleffner. Mtoto aliyesema vizuri, kwa kawaida wa miaka 3 hadi 7, anaanza kutoelewa. Kinachotangulia kupotea ni kuelewa, kusema hufuata. Unamwita hageuki. Unamwambia alete viatu, anakuangalia usoni kana kwamba umesema lugha ya ugenini. Masikio yakipimwa yanaonekana mazima. Kisha maneno yake mwenyewe yanapungua, wiki kwa wiki, na huja hasira na utundu ambao haukuwapo, kwa sababu mtoto amezungukwa na watu wanaotoa sauti asizozifahamu. Takriban watoto saba au wanane kati ya kumi huonekana wakipata kifafa. Waliobaki hawaanguki hata mara moja. Ubongo wao una dhoruba ya umeme usingizini ambayo jicho haliioni.

Kando ya hizo mbili kuna watoto ambao dhoruba hiyo ya usingizini inawanyang'anya zaidi ya maneno: akili ya darasani, ustadi wa mikono, utulivu. Na kuna kundi jingine linalosahaulika, la watoto ambao usemi wao haukuwahi kuwa safi tangu mwanzo. Ulimi ni mzito, sauti inapitia puani, mate yanadondoka hata baada ya umri wa kudondosha, hawezi kupuliza wala kulamba midomo unapomwonyesha. Kifafa huja baadaye, au hakiji kabisa.

Kwa hiyo nunua daftari, kama lile ambalo kila mgonjwa hubeba kwenda hospitali zetu, ila hili liwe la nyumbani. Andika tarehe na saa ya kila tukio, kama mtoto alikuwa amelala au macho, upande gani wa mwili ulianza, lilichukua muda gani, aliweza kusema au la. Rekodi kwa simu ukiweza; video ya sekunde thelathini ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa. Ukurasa mwingine uwe wa maneno: alisema neno la kwanza lini, alianza kuunganisha mawili lini, na kama yamepotea, yalianza kupotea lini. Kisha tafuta video za zamani, za Idi au Krismasi ya miaka miwili iliyopita, ambamo mtoto anasikika akizungumza. Hakuna ushahidi wa kurudi nyuma ulio bora kuliko huo.

Na akishikwa, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie maji, tazama saa. Dakika 5 zikipita hajatulia, kimbia hospitali. Mate yake hayaambukizi mtu yeyote, mguse.

Jeni zinaingiaje

Mwaka 2013 timu tatu za watafiti zilichapisha kwa pamoja, katika jarida la Nature Genetics, jambo ambalo madaktari walikuwa wakilishuku kwa muda mrefu. Walikuwa wamechunguza familia zenye kifafa cha Rolando, Landau-Kleffner, na kile cha dhoruba ya usingizini, na katika sehemu yao wakakuta badiliko kwenye jeni moja, GRIN2A, iliyoko kwenye kromosomu ya 16. Sehemu hiyo haikuwa kubwa: kulingana na kundi lililopimwa, kati ya asilimia 7 na 20 hivi, na ilikuwa ndogo kwa kifafa chepesi, kubwa zaidi kwa kile kizito. Lakini ilithibitisha kwamba magonjwa haya yaliyokuwa na majina tofauti ni ndugu.

GRIN2A inatoa maelekezo ya kutengeneza sehemu ya kipokezi kilicho juu ya chembe za ubongo. Kipokezi hicho ni mlango mdogo: kemikali iitwayo glutameti ikigusa, mlango unafunguka, chaji ya umeme inaingia, na chembe moja inaongea na nyingine. Kujifunza kote, pamoja na kujifunza lugha, kunapita hapo. Badiliko la jeni linaweza kuufanya mlango usifunguke vya kutosha, au ufunguke kupita kiasi, au usitengenezwe kabisa. Matokeo ni umeme unaoruka ovyo katika sehemu za ubongo zinazoongoza uso, ulimi na kuelewa maneno, hasa mtoto alalapo. Na usingizi ndio wakati ubongo unapoweka mahali pake yale uliyojifunza mchana. Dhoruba ikichukua usiku wote, kilichojifunzwa mchana hakipati pa kukaa.

Watafiti walipowasikiliza kwa makini wagonjwa wenye badiliko la GRIN2A, waligundua kuwa shida ya matamshi ilikuwa karibu kwa kila mmoja, hata kwa wale ambao kifafa chao kilikuwa kimepoa. Hili lina maana kwako: usemi mzito wa mtoto unaweza kutoka moja kwa moja kwenye jeni, bila kungoja kifafa kiuharibu. Kutibu kifafa peke yake hakutoshi. Lazima ulimi nao upewe kazi.

Sasa swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi huelekezwa kwa mama: limetoka kwa nani? Katika baadhi ya watoto badiliko ni jipya, limetokea wakati mimba inatungwa, baba hana na mama hana. Katika familia nyingine limerithiwa, na huweza kutoka upande wa baba sawa na linavyoweza kutoka upande wa mama. Mzazi mwenye badiliko la aina hii ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto. Tena ndani ya familia moja sura hutofautiana sana: mtoto mmoja ana Landau-Kleffner, mjomba wake aliwahi kushikwa usiku mara tatu akiwa mdogo kisha basi, na bibi alichelewa kusema na hakuna aliyekumbuka mpaka alipoulizwa. Kwa hiyo uliza. Keti na wazee wa pande zote mbili, chora ukoo wa vizazi vitatu, na weka alama kwa kila aliyeshikwa utotoni, aliyechelewa kusema, aliyeshindwa kusoma, au mtoto mdogo aliyefariki akiwa na degedege. Hakuna mtu anayechagua jeni ya kumpa mwanawe. Hakuna chakula cha ujauzito, hakuna husuda, hakuna ndoa iliyokosa baraka iliyoandika badiliko hili.

Kabla hujafika kwenye jeni

Daktari mwangalifu wa Uganda hataanza na jeni, na ana sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika vituo vya nchi tano za Afrika, ulikuta Iganga na Mayuge, mashariki mwa Kampala, watu 10 hivi kati ya kila 1,000 wana kifafa cha kutikisika ambacho bado kinawashika. Ifakara nchini Tanzania walikuwa karibu 15. Sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka kwenye mambo ambayo tunayajua: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya tegu, na kaskazini mwa nchi ugonjwa wa usubi. Utafiti uliofanyika katika hospitali ya Mulago kwa watoto walionusurika malaria ya ubongo ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu wa akili miaka miwili baadaye. Malaria peke yake inatosha kuleta kifafa na kuharibu lugha.

Kwa hiyo toa historia nzima, bila kuficha: alilia alipozaliwa, alilazwa kwa nini, alipoteza fahamu siku ngapi. Kinachoelekeza kwenye jeni ni mtoto aliyezaliwa salama, aliyekua vizuri, picha ya MRI ya ubongo wake ni safi, kifafa chake ni cha usingizini, na ukoo una wengine. Lakini usikubali malaria ya zamani ifunge mlango wa maswali. Hapa kwetu karibu kila mtoto amewahi kuumwa malaria. Haimaanishi kwamba ndiyo iliyomnyima maneno.

Kuna mambo ya bei ndogo ambayo hupaswi kuyaruka. La kwanza ni kupima masikio, kwa mtaalamu, hata kama una hakika anasikia. La pili ni kumvua nguo na kutazama ngozi yote mchana kwenye mwanga. Mabaka meupe yenye umbo la jani, matatu au zaidi, pamoja na kifafa, yanaweza kuwa ishara ya ugonjwa wa jeni za TSC1 au TSC2, na kwenye ngozi nyeusi huonekana vizuri hata bila taa maalumu. La tatu ni sukari. Kuna ugonjwa wa jeni ya SLC2A1 ambamo sukari iliyo kwenye damu haivuki ipasavyo kuingia kwenye ubongo. Mtoto hushikwa zaidi akiwa na njaa, kabla ya kifungua kinywa, anayumba akitembea, na usemi wake ni wa kuvutavuta. Kipimo ni kulinganisha sukari ya maji ya uti wa mgongo na sukari ya damu, siku moja, mtoto akiwa amefunga saa chache. Hospitali inayoweza kupima homa ya uti wa mgongo inaweza kufanya hivyo. Tiba yake ni chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo sana, chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe. Kazi ngumu katika nyumba inayokula matoke na posho, lakini inawezekana, na kwa mtoto huyu inafanya kazi kuliko dawa nyingi za kifafa.

Na kama mtoto wako alianza kushikwa kabla ya kutimiza mwaka, kwa muda mrefu, kila homa inapopanda, akatibiwa malaria tena na tena, na maneno yakaanza kuchelewa katika mwaka wa pili, taja neno Dravet kwa daktari. Ni ugonjwa wa jeni ya SCN1A. Kabamazepini, fenitoini na lamotrijini zinaweza kuuzidisha. Kwa msichana aliyekuwa na maneno machache akayapoteza kati ya miezi 6 na 18, na mikono yake sasa inasuguana kana kwamba ananawa, taja Rett. Kwa mtoto asiye na maneno karibu kabisa, anayecheka mno na kuyumba, taja Angelman.

EEG, na lazima iwe ya usingizi

Kama ungekuwa na pesa ya kipimo kimoja tu, ningekuambia ufanye hiki. Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho kwenye karatasi ya hospitali huandikwa EEG, hakiumi, hakichomi sindano, na ndicho kinachoona dhoruba ya usingizini. Lakini EEG ya dakika ishirini kwa mtoto aliye macho inaweza kutoka safi kabisa huku usiku ubongo wake ukiwaka. Nimesikia wazazi wengi wakisema "alipimwa akakutwa hana kitu." Waulize kama alilala. Hawakumbuki.

Mwambie daktari aandike kwenye fomu kwamba mtoto amepoteza usemi na kwamba rekodi ichukuliwe akiwa amelala usingizi mzito, si kusinzia. Usiku wa kuamkia kipimo mchelewesheni kulala na mumwamshe mapema. Tafuta mtu wa kumchangamsha njiani, maana foleni ya barabara ya Jinja au Entebbe inatosha kummalizia usingizi wote kabla hamjafika. Fumua nywele zake zote, zioshe, usipake mafuta. Mpe dawa zake kama kawaida isipokuwa daktari akikataza. Beba shuka lake na chochote anacholalia nacho.

Ripoti ikitoka, tafuta sentensi kuhusu usingizi. Inapaswa kusema kama mawimbi makali yanaongezeka mtoto akilala, na yanachukua sehemu gani ya usingizi wake. Yakijaza nusu ya usingizi mzito au zaidi, na lugha inarudi nyuma, hilo ni jambo la kushughulikia wiki hii, hata kama mtoto hajaanguka kwa miezi.

Peleka ripoti kwa daktari wa mfumo wa fahamu wa watoto. Mulago kuna kliniki yao, na Chuo Kikuu cha Makerere kimetoa watu waliojenga fani hii nchini, miongoni mwao Profesa Angelina Kakooza-Mwesige na Profesa Richard Idro. Foleni ni ndefu. Kituo chako cha afya au kliniki ya afya ya akili, ambako kifafa hutibiwa kwa kawaida nchini Uganda, kinaweza kukuandikia barua ya rufaa. Sisitiza iandikwe "amepoteza usemi", kwa sababu maneno hayo hubadilisha uharaka.

Dawa

Hapa naomba usome taratibu. Dawa za kifafa zinazopatikana kwa urahisi katika hospitali zetu za serikali ni fenobabito, fenitoini, kabamazepini na sodiamu valproeti. Kwa mtoto mwenye dhoruba ya usingizini, kabamazepini na fenitoini zinaweza kuzuia kuanguka huku zikiongeza mawimbi ya usiku, na fenobabito pia inaweza kuuzidishia ubongo huo ulegevu. Kama usemi ulianza kushuka baada ya dawa kuanzishwa au kuongezwa, mwambie daktari, ukiwa na tarehe kwenye daftari. Lakini usikate dawa mwenyewe hata siku moja. Kukata ghafla kunaweza kumletea mtoto kifafa kisichokoma, na hicho huua.

Valproeti humfaa mtoto wa aina hii mara nyingi, ila ina hatari kwa ini katika watoto wadogo sana na wenye baadhi ya magonjwa ya jeni, na msichana akikaribia kuvunja ungo ni lazima mazungumzo yafanyike mapema kwa sababu inadhuru mimba. Levetirasetamu na klobazamu zipo katika maduka ya dawa ya mjini, kwa bei. Dhoruba ikiwa nzito, madaktari hutumia dawa za steroidi kama prednisoloni kwa wiki au miezi. Nazo hufanya kazi kwa baadhi ya watoto kwa namna inayowafanya wazazi walie, maneno yanarudi. Ila hapa kwetu steroidi isianzishwe kabla ya kuangalia kifua kikuu, VVU na minyoo, kwa kuwa hupunguza kinga. Itaongeza njaa, uso utavimba, hasira itapanda, na nayo pia haikatwi ghafla.

Ukisoma mtandaoni utakutana na sirini na memantini kwa ajili ya GRIN2A. Ya kwanza imejaribiwa kwa watoto ambao mlango haufunguki vya kutosha, ya pili kwa wale ambao unafunguka kupita kiasi. Bado ni majaribio, na ukimpa mtoto isiyo yake unaweza kumsukuma upande mbaya. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya kujua jeni: tiba zinazokuja zitauliza badiliko ni la aina gani.

Sala na dua hazigombani na dawa. Kama familia inataka kwenda kanisani, msikitini au kwa mzee wa dawa za asili, waende na chupa ya vidonge mfukoni na kipimo cha jioni kimenywewa.

Lugha ya nyumbani, lugha ya shule

Wazazi wanaozungumza Kiswahili Kampala, wengi wao kutoka Kivu wakiishi Katwe, Nsambya au Makindye, huambiwa jambo linaloumiza: mtoto amechanganyikiwa kwa sababu nyumbani ni Kiswahili, mtaani Luganda, shuleni Kiingereza. Halafu wanashauriwa waache Kiswahili. Usikubali. Lugha nyingi hazisababishi kifafa wala hazimnyang'anyi mtoto maneno aliyokuwa nayo. Mtoto mzima wa Kampala anabeba tatu bila taabu. Mtoto mgonjwa hupoteza zote kwa pamoja, na hilo ndilo la kumwonyesha daktari: hajui "maji", hajui "amazzi", na anapoambiwa kwa Kiingereza hajui vilevile. Orodhesha maneno yake kwa kila lugha. Kisha endelea kuzungumza naye lugha ambayo nyumba yenu inacheka nayo, inagombana nayo na kubembeleza nayo, kwa sababu humo ndimo atasikia maneno mengi zaidi.

Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache, lakini wapo. Makerere ilianza kuwafundisha kwa shahada mwaka 2008. Ukimpata mmoja, hata mara moja kwa mwezi, muombe akupe kazi za nyumbani na akuonyeshe kwa vitendo. Kama hajui Kiswahili, nenda na mtu wa kutafsiri aliye mtu mzima. Usimtumie kaka wa mtoto mwenye miaka tisa kubeba habari nzito namna hiyo. Sentensi fupi, uso kwa uso, redio imezimwa, picha za vitu vya nyumbani zilizobandikwa ukutani: haya huanza leo bila fedha.

Kwa mtoto aliyeacha kuelewa sauti, lugha ya alama ni msaada wa kweli. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitambua, Chuo Kikuu cha Kyambogo kinaifundisha, na walimu wake wanapatikana mjini. Wazazi huogopa kwamba ishara zitamzuia kusema. Haziwezi. Zinampa njia ya kusema "naumwa" wakati masikio ya ubongo yamefungwa, na maneno yakirudi ataziacha mwenyewe au atabaki na zote.

Shuleni peleka barua ya daktari, moja kwa mwalimu mkuu na nakala kwa mwalimu wa darasa. Ieleze kwamba mtoto akikaa kimya hafanyi kiburi, kwamba aketi mbele, kwamba maagizo yaandikwe ubaoni, na la kufanya akishikwa. Kwa mtahiniwa wa PLE, ule mtihani wa darasa la saba, baraza la mitihani UNEB hutoa muda wa ziada na msaada kwa wenye ulemavu, lakini shule ndiyo inayoomba, mapema. Anza kuuliza akiwa darasa la sita.

Kipimo cha jeni, ukiwa tayari

Maabara binafsi za Kampala huchukua damu au mate na kuyapeleka nje ya nchi, na familia hulipa mfukoni, fedha nyingi. Maoni yangu ni kwamba usiuze kiwanja kwa ajili yake kabla ya kufanya EEG ya usingizi, MRI na vile vipimo vidogo, na kabla daktari hajakujibu swali hili: jibu likija, nini kitabadilika katika matibabu? Kuna majibu mazuri ya swali hilo. Kuepuka dawa yenye madhara. Kuacha kumrudia mtoto na vipimo vingine. Kujua hatima ya mimba ijayo. Kama hakuna hata moja linalohusu familia yenu sasa, fedha hiyo ilipe tiba ya usemi.

Njia nyingine ni utafiti. Kilifi na Cape Town, mradi wa NeuroDev umekusanya sampuli za watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, na Makerere nayo ina watafiti wa jeni. Ukialikwa kwenye utafiti wowote Uganda, omba kuona kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na uliza kabla ya kutia sahihi: mtanirudishia majibu ya mtoto wangu, au yatabaki kwenye kompyuta yenu?

Unapoagiza kipimo hakikisha orodha ya jeni ina GRIN2A, kwamba kinatazama pia vipande vya kromosomu vilivyopungua au kuongezeka, na kama fedha inaruhusu, sampuli za baba na mama zipimwe pamoja na ya mtoto. Bila wazazi, maabara mara nyingi hushindwa kujua kama badiliko ni jipya. Kuwapima wazazi kunaweza kufichua pia kwamba baba wa nyumbani siye baba wa damu. Daktari anapaswa kuzungumza na mama faragha kabla ya damu kuchukuliwa.

Jibu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, na kwa Waafrika linakuwa mara nyingi mno la tatu: badiliko lipo lakini maana yake haijulikani. Sababu ni kwamba hifadhi ambazo maabara hulinganisha nazo zimejaa watu wa Ulaya. Kitu cha kawaida Masaka au Bukavu kinaonekana huko kama kigeni. Hili linaanza kurekebishwa, na Uganda imetoa mchango mkubwa: mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za vinasaba za watu wapatao 6,400 wa vijiji vya Kyamulibwa, kusini magharibi mwa nchi, karibu 2,000 kati yao wakiwa wamesomwa jenomu nzima. Jibu la tatu lisibadilishe dawa ya mtoto. Na jibu la hapana halisemi kwamba ugonjwa si wa jeni. Watoto wengi wenye Landau-Kleffner hawajakutwa na badiliko lolote linalojulikana.

Badiliko likiwa jipya kwa mtoto, uwezekano wa mdogo wake kulipata ni mdogo sana, ingawa si sifuri. Likiwa limetoka kwa mzazi, ni nusu kwa nusu kwa kila mimba, lakini uzito wa ugonjwa hautabiriki. Kwa magonjwa mengine ambayo mtoto lazima apokee badiliko kutoka kwa baba na mama wote, nafasi ni moja kati ya nne, na hayo huonekana zaidi wazazi wanapokuwa ndugu.

Omba ripoti kamili kwa maandishi, si kuambiwa kwa simu. Iwe na jina la jeni, badiliko lenyewe kwa herufi na tarakimu zake, na nambari ya sampuli. Shangazi au kaka akitaka kupimwa baadaye, atapimwa badiliko hilo moja tu kwa gharama ndogo zaidi. Na kila baada ya miaka miwili au mitatu, mwandikie daktari aliyeagiza kipimo aiombe maabara isome upya data ileile. Damu mpya haihitajiki, na badiliko lililokuwa halijulikani maana yake wakati mwingine huwa limeshapata jibu.